"Ni" Si "Is": Walimu wa Lugha Mbili Hawana Budi Kukutana

Mwaka 1973 redio ilieneza nchi nzima kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Kabla ya hizo wananchi walikuwa wamekwisha kusikia "Uchaguzi ni Wako" mwaka 1970, na mwaka 1972 Azimio la Iringa likawapa "Siasa ni Kilimo". Hapana mkulima aliyehitaji kufafanuliwa misemo hiyo. Aliyehitaji ufafanuzi alikuwa msomaji wa Kiingereza, aliyekuta kwenye taarifa maneno "Man is Health" na "Politics is Agriculture", yaliyofasiriwa neno kwa neno kwa uaminifu mkubwa, na bado asijue anaambiwa nini.

Tatizo halikuwa katika mtu wala katika afya. Lilikuwa katika kineno chenye herufi mbili. "Ni" ya Kiswahili yaweza kusimama kati ya nomino mbili na kusema kwamba ya kwanza haina maana pasipo ya pili: mtu asiye na afya hajakamilika, na siasa isiyofika shambani ni maneno matupu. "Is" ya Kiingereza ina mipaka zaidi. Ikikaa kati ya nomino mbili kwa kawaida hudai moja kati ya mambo mawili: ama kwamba kitu hiki ndicho kile, kama "Dodoma is the capital", ama kwamba kitu hiki ni cha kundi lile, kama "Dodoma is a city". Mtu si afya yenyewe, wala si aina mojawapo ya afya. Ndiyo maana tafsiri ile haikusimama. Waingereza nao husema "Time is money", ni kweli, lakini usemi huo hutambulika papo hapo kuwa ni fumbo. Kwa Mswahili, "akili ni mali" ni mazungumzo ya kila siku barazani.

Ikiwa kineno hiki kimeweza kuzisumbua taarifa zilizoandikwa na wasomi, yafaa kuuliza hali ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, akiwa amemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, na ambaye siku ya kwanza hukuta ubaoni maneno haya: "is" sawasawa na "ni". Huyanakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Wiki ya pili anatakiwa kuandika habari zake mwenyewe. Nina njaa: "I have hungry". Nina miaka kumi na minne: "I have fourteen years". Nimechoka: "I have tired". Mwalimu hupiga mistari myekundu, huandika pembeni kwamba sarufi haifai, na darasa hucheka. Mtoto huyo si mvivu wala si mjinga. Ametafsiri kwa uaminifu ule ule wa ofisa aliyeandika "Man is Health". Tofauti ni kwamba ofisa hakuchekwa.

Makosa hayo hayaishii shuleni. Hupanda ngazi pamoja na wenyewe mpaka maofisini, ambako barua hueleza kwamba "the file has lost", kwa sababu kwa Kiswahili faili limepotea. (Kwa Kiswahili faili hupotea lenyewe, bila mtu kulipoteza, nalo ni jambo lililowafaa makarani wengi, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Chanzo chaweza kuelezwa kwa mfano wa ofisi. Katika ofisi ya Kiingereza yuko karani mmoja aitwaye "be", naye hupokea wageni, hutunza masijala, hulipa mishahara na kupiga chapa. Katika ofisi ya Kiswahili kila kazi ina meza yake. Anayetaka kusema mtu ni nani au ni wa namna gani huenda kwenye meza ya "ni" na "si": Juma ni mwalimu, Juma si mvivu. Anayetaka kukaza kwamba ni huyo na si mwingine huenda kwa "ndi-": Juma ndiye mwalimu. Anayeuliza mtu alipo huelekezwa kwa "-po", "-ko" na "-mo", na huko hutakiwa aseme wazi kama Juma yupo hapa, yuko huko au yumo ndani. Njaa, kiu, usingizi, furaha, haraka na umri vyote huandikishwa kwenye meza ya "-na", kama mali: ana njaa, ana haraka, ana miaka kumi. Kisha liko kundi kubwa la hali ambazo hazina meza yoyote ya namna hiyo, kwa kuwa zimo ndani ya vitenzi vyenyewe: amechoka, amekasirika, amelala, kimevunjika, limejaa, wameshiba. Kwa Kiingereza huyo "is tired", "is angry", "is asleep"; kikombe "is broken", debe "is full". Karani ni yule yule mmoja kwa wote.

Mtoto aliyeambiwa kwamba "is" ni "ni" amepewa ufunguo wa meza moja, kisha akaulizwa kwa nini hakufungua nyingine tatu.

Lililo la kusikitisha ni kwamba maarifa ya kumwokoa yamo katika shule hiyo hiyo, pengine katika chumba cha jirani saa hiyo hiyo. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza hufundisha aina za maneno, na anapofika kwenye vitenzi huvigawa mara tatu: kitenzi kikuu, kitenzi kisaidizi na kitenzi kishirikishi. Hueleza kwamba kishirikishi hakitendi jambo, bali hushirikisha kiima na kile kinachosemwa juu yake, nacho huitwa kijalizo. Hutoa mifano ya "ni", "si" na "yu", ikiwemo ile ya kale ambayo ingali yu hai katika vinywa vya watu. Hilo ndilo somo ambalo mwalimu wa Kiingereza anahangaika nalo upande wa pili wa ukuta, akilianza upya kana kwamba wanafunzi hawajapata kusikia kitu chochote kinachofanana nalo. Walimu hao wawili hukutana kwenye chai, wakazungumza juu ya mishahara na usafiri.

Lau wangezungumza juu ya kijalizo, wangegundua kwamba Kiswahili kina vipimo ambavyo Kiingereza hakina. Chukua tatizo linalowashinda wengi, la kutofautisha kijalizo na shamirisho. "Juma became a teacher" na "Juma met a teacher" zinafanana kwa umbo kama mapacha. Vitabu hueleza kwamba katika ile ya kwanza Juma na mwalimu ni mtu mmoja, na katika ya pili ni watu wawili. Ni sahihi, lakini mtoto wa Kiswahili anayo njia fupi zaidi. Juma amekuwa mwalimu. Juma amemwona mwalimu. Hiyo "-mw-" iliyoingia katikati ya kitenzi humwashiria mtendwa, na mtendwa ni shamirisho. Hapana Mswahili, hata mtoto wa miaka mitatu, atakayesema Juma "amemkuwa" mwalimu. Kijalizo hakipokei alama hiyo kamwe. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekwama huweza kuipeleka sentensi ya Kiingereza nyumbani, kuijaribu kwa lugha aijuayo, na kurudi na jibu.

Kiko kipimo kingine, ambacho hata walimu wa Uingereza hukitumia: toa kitenzi chenye shaka, weka "is" au "was" mahali pake, uone kama maana imebaki. "The child looks ill" hugeuka "The child is ill", na habari inabaki karibu ile ile. Basi "looks" hapo ni kishirikishi. "The farmer grew tired" hugeuka "The farmer was tired". Lakini "The farmer grew maize" ikigeuzwa hivyo mkulima mwenyewe anakuwa mahindi. Darasa litacheka, na safari hii litacheka kwa faida, maana hapana atakayesahau kwamba "grow" ina sura mbili.

Vitenzi vya namna hiyo, vinavyoweza kushika kazi ya "be", si vingi, na mwalimu aweza kuvimaliza kwa wiki chache. Vipo vya kudumu kama "seem", "become" na "remain". Vipo vya milango ya fahamu: "look", "sound", "smell", "taste" na "feel". Kisha vipo vilivyoazimwa kutoka kazi nyingine ili kueleza mabadiliko, yaani "turn", "get", "go" na hiyo "grow".

Vile vya milango ya fahamu ndivyo vyenye mtego mkubwa, na mtego wenyewe umetegwa na Kiswahili. Baada ya kishirikishi Kiingereza hutaka kivumishi, kwa sababu kinachosifiwa ni kiima, si kitendo. Kwa hiyo chakula "smells good" wala si "smells well". Wimbo "sounds beautiful" wala si "beautifully". Kiswahili kwa kawaida hulitenga jambo hili waziwazi kuliko lugha nyingi: kivumishi huvaa kiambishi cha ngeli ya jina lake, mtoto mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, na kielezi huvaa "vi-", ameandika vizuri. Mwanafunzi aweza kuona kwa macho nani anamfuata nani. Lakini pua ikishaingia, Kiswahili hubadili nia: chakula kinanukia vizuri. Hapo mtoto mwangalifu huandika "The food smells well", akiwa amefuata mantiki barabara. Ni hapa, na si penginepo, ambapo mwalimu hana budi kusimama kwa muda mrefu na kueleza kwamba lugha mbili zimeachana njia.

Akisimama hapo atapata nafasi ya kuonyesha jambo ambalo vitabu vya Kiingereza havina. Mswahili hana haja ya kijalizo baada ya harufu, kwa kuwa anavyo vitenzi viwili. Mchuzi ukinukia ni heri, ukinuka, mwageni. Sifa imemezwa na kitenzi. Kadhalika maziwa huchacha, mtu huzeeka, hunenepa, hukonda, hupofuka, hufilisika na kuwehuka, kila moja kwa neno moja. Mwingereza hulazimika kuunganisha maneno mawili: "turn sour", "grow old", "go blind", "go bankrupt", "go mad". Mwanafunzi aliyeoneshwa safu hizo mbili bega kwa bega atatambua upesi kwamba "go" ya Kiingereza hupenda kwenda kwenye mambo mabaya, na hatashangaa akisoma kwamba mtu "went deaf" bila kuambiwa alikwenda wapi.

Kuhusu mahali, Kiingereza chenyewe kimekiri kwamba kazi za karani wake zilihitaji kutenganishwa. Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik, katika kitabu chao kikubwa cha sarufi ya Kiingereza cha mwaka 1985, waligawa sentensi za msingi katika mafungu saba. "Juma is a teacher" waliiweka katika fungu lenye kijalizo, na "Juma is in the classroom" katika fungu lenye kielezi cha mahali, ingawa kitenzi ni kile kile. Mgawanyo huo mwanafunzi wa Kiswahili aliufanya kabla ya kuanza shule, siku alipojifunza kusema "yumo ndani" badala ya "ni ndani".

Kuna upande mmoja wa somo hili ambao umepewa uzito usiostahili. Wapo walimu na wapo wakuu wa ofisi ambao hawamwachii mtu kusema "It is me". Ni lazima aseme "It is I". Kanuni hiyo ina historia yake. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza, akashikilia kwamba kitenzi "be" hufuatwa na umbo lile lile la kiwakilishi linalotumika kwenye kiima. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, akatoa kitabu kilichofuata nyayo hizo na ambacho kilitawala madarasa kwa miongo mingi. Mizani yao ilikuwa Kilatini. Lakini Wafaransa, ambao lugha yao ni mtoto halisi wa Kilatini, husema "c'est moi" na hawana wasiwasi; na Waingereza wenyewe wakigonga mlango hujibu "It's me". Kiswahili husema "ni mimi" au "ndimi", na kiwakilishi hakibadiliki umbo hata kidogo. Kumkata alama mtoto wa kidato cha pili kwa sababu ya ugomvi ulioanzishwa na askofu zaidi ya miaka 250 iliyopita ni kupoteza wino, hasa ikiwa mtoto huyo bado anaandika "I have hungry" na hapana aliyemweleza sababu.

Watasema wapinzani kwamba kuingiza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kumchelewesha mwanafunzi, na kwamba lugha hufunzwa kwa lugha hiyo yenyewe. Hoja hiyo imeandikwa hata kwenye vibao vya kukataza Kiswahili katika maeneo ya baadhi ya shule. Yafaa wenye hoja hiyo wakumbushwe jinsi Waingereza walivyojifunza Kiswahili. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alipotoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alikiandika kwa Kiingereza na kwa ajili ya watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Bibi E. O. Ashton alifanya vivyo hivyo mwaka 1944 katika kitabu cha sarufi ambacho kilitumiwa na maofisa wa kikoloni na wamisionari, na ambacho kilitenga nafasi ya kutosha kueleza "ni", "-po", "-ko" na "-mo" kwa msomaji aliyezoea karani mmoja. Hapana aliyeweka kibao kumkataza bwana shauri kuwaza kwa lugha ya mama yake. Njia iliyokuwa halali kwa mtawala, haikuwaje tena halali kwa mtoto wa mkulima?

Pia wapo watakaosema kwamba jambo hili lisubiri mpaka suala la lugha ya kufundishia sekondari limalizike. Suala hilo lina umri mkubwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walieleza katika ripoti yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine, na hata hivyo wakashauri kiendelee kutumika. Tangu hapo sera zimeandikwa na kuandikwa upya. Wakati wote huo watoto wameendelea kuingia kidato cha kwanza kila mwaka, na kila mwaka "is" imeandikwa ubaoni kuwa sawasawa na "ni". Iwe Kiingereza kitabaki kuwa lugha ya kufundishia au kitakuwa somo tu, bado kitahitaji kueleweka, na kijalizo kitakuwa pale pale.

Linalowezekana kufanyika halihitaji mfadhili wala mradi. Vyuo vya ualimu vyaweza kumtaka kila mwalimu mwanafunzi wa Kiingereza ajue kuchanganua sentensi ya Kiswahili kabla hajapewa darasa. Leo yupo anayehitimu akijua majina ya Kiingereza ya kila sehemu ya sentensi na asijue kishirikishi ni nini. Waandishi wa vitabu vya kidato cha kwanza waweza kutenga kurasa nne au tano zenye safu mbili, moja ya meza za Kiswahili na moja ya karani wa Kiingereza. Watunzi wa mitihani waweza kumpima mwanafunzi kama anajua kwa nini chakula "smells good", badala ya kumvizia kwenye "It is I". Na mkuu wa shule yeyote, bila kusubiri waraka kutoka popote, aweza kupanga kwenye ratiba ya muhula ujao vipindi viwili au vitatu ambavyo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza watasimama mbele ya darasa moja, kila mmoja na nusu yake ya ubao. Pale penye kibao cha kukataza Kiswahili, itabidi kibao hicho kisisomeke ndani ya chumba hicho kwa muda wa vipindi hivyo.